Simu inapiga kengele, nani anaitika? Mitandao ya kijamii na afya ya watu wa Nzilo na Kolwezi

KOLWEZI – Katika kambi za wavuvi kandokando ya ziwa Nzilo, habari ya ugonjwa haingoji tena mtu apande pikipiki kwenda mjini. Mtoto akianza kuhara maji usiku, au samaki wakionekana asubuhi wanaelea wamekufa, mwenye simu anapiga picha, anaongeza maneno machache kwa sauti yake na kutuma. Kabla jua halijapanda, picha ile imefika Kolwezi, imepita Fungurume na Likasi, na mtu wa Lubumbashi ameishaituma kwa ndugu yake wa Bukavu.

Kasi hiyo ni faida kubwa kwa jimbo la Lualaba, ambako vijiji vingi viko mbali na hospitali na barabara zinaharibika kila msimu wa mvua. Ila picha ikishafika, kunabaki swali moja: nani anaitika? Je, kuna muuguzi anayeipokea na kutuma mtu kuangalia? Kuna maabara inayopima maji na kusema ukweli? Kuna kiongozi anayewaeleza watu kinachojulikana, kwa lugha wanayoielewa?

Yaliyotokea nchini Congo tangu mwaka 2018, kutoka Beni na Butembo hadi Lubumbashi, yanaonyesha kwamba mitandao ya kijamii ni hodari wa kuuliza. Kujibu ni kazi ya watu na taasisi. Jibu linapokawia, uvumi unaketi kwenye kiti kilichoachwa wazi, na mara nyingine watu wanapoteza maisha kwa sababu hiyo.

Saa chache zinaweza kuokoa mtu

Tuchukue mfano wa kipindupindu, ambacho wengi Katanga wanakiita kolera. Ziwa Nzilo lilitokana na bwawa lililojengwa kwenye mto Lualaba katika miaka ya 1950, wakati wa Union Minière, ili kupata umeme wa migodi. Mto huo haukomi pale. Unaendelea kuteremka kaskazini hadi Bukama na maziwa ya Upemba, katika jimbo la Haut-Lomami, ambako kolera inarudi mara kwa mara tangu miaka mingi. Katika njia hiyo hiyo, kwa maji, kwa reli na kwa barabara, wanapita wavuvi, wachuuzi wa samaki na vijana wanaokwenda kutafuta kazi ya kuchimba. Ugonjwa unasafiri pamoja nao.

Kolera haina subira. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kupoteza maji mengi mwilini na kufa katika muda wa saa chache kama hakutibiwa. Lakini akipata matibabu mapema, karibu wote wanapona: kati ya wagonjwa 100, anayekufa hafiki hata mmoja. Dawa ya kwanza ni kurudisha maji na chumvi mwilini kwa kumnywesha mgonjwa sero ya ORS inayopatikana katika vituo vya afya. Kama haipo, mgonjwa anaanzishiwa mchanganyiko wa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, huku akipelekwa kituoni haraka. Aliyeregea kabisa anahitaji maji ya mshipani, na hayo yanatolewa na muuguzi peke yake.

Hapo ndipo ujumbe wa simu unapata thamani yake. Takwimu za magonjwa kwa kawaida zinakusanywa kila juma: kituo cha afya kinatuma hesabu yake kwa ofisi ya eneo la afya, eneo linatuma kwa divisheni ya jimbo, jimbo linatuma Kinshasa. Kwa magonjwa makali kama kolera, kituo kinatakiwa kutoa taarifa papo hapo. Lakini kituo kinatoa taarifa juu ya mgonjwa aliyefika. Yule aliyebaki kambini kwa kukosa nauli ya pikipiki haonekani katika daftari lolote. Jirani yake mwenye simu ndiye anayemuona.

Kuna mfano wa nje unaothibitisha jambo hilo. Kolera ilipoingia Haiti mwezi Oktoba 2010, watafiti walilinganisha hesabu za serikali na habari zilizokuwa zinapita Twitter na kwenye mtandao wa HealthMap katika siku 100 za kwanza. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2012: habari za watu wa kawaida zilifuata mwendo uleule wa hesabu rasmi, na zilipatikana hadi majuma mawili kabla yake.

Mfano mwingine ni wa daktari Li Wenliang wa Wuhan, China. Tarehe 30 Desemba 2019 aliwaandikia wenzake waliosoma naye, katika kundi lao la simu, kwamba hospitali yake imepokea wagonjwa 7 wenye ugonjwa unaofanana na SARS. Siku chache baadaye polisi walimwita na kumkaripia kwa kueneza uvumi. Ugonjwa wenyewe ukaitwa Covid-19. Li aliambukizwa na akafa mwezi Februari 2020. Kengele yake ilikuwa ya kweli, ila wenye mamlaka walishughulika na mpigaji wa kengele badala ya moto.

Hata hivyo, simu haipimi ugonjwa. Si kila kuhara ni kolera, na vipele vya mpox vinaweza kufanana na vya tetekuwanga. Picha inamwambia muuguzi aende wapi kwanza. Akishafika, kazi inabaki ile ile ya siku zote: kuangalia mgonjwa, kuchukua sampuli na kungoja maabara iseme.

Somo kutoka Beni na Butembo

Wasomaji wa Kivu Kaskazini wanaikumbuka vizuri historia hii. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imezuka Mangina, karibu na Beni. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Katikati hapo watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa. Safari hii chanjo ilikuwepo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Kwa nini basi ugonjwa ulichukua karibu miaka miwili?

Vita ni sababu mojawapo. Sababu nyingine ni watu kutoamini. Mwezi Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 mjini Beni na Butembo. Zaidi kidogo ya mmoja kati ya wanne, asilimia 25.5, walisema Ebola si ya kweli. Ni asilimia 31.9 tu walioamini kwamba viongozi wa mahali pao wanatetea masilahi yao. Wale wasioamini ndio waliokuwa na nia ndogo ya kukubali chanjo au kwenda kutibiwa hospitali.

Ni rahisi kusema kwamba WhatsApp ndiyo iliyoharibu mambo. Ni kweli kwamba jumbe za sauti zilizunguka zikidai Ebola ni biashara, kwamba wagonjwa wanauawa katika vituo, kwamba maiti zinatolewa viungo. Lakini jumbe hizo zilipata masikio kwa sababu zilikuta kidonda cha zamani. Watu wa Beni walikuwa wanauawa tangu mwaka 2014, wakiomba msaada bila kuona mwisho. Ghafla, kwa ugonjwa mmoja, magari na pesa na wageni vikajaa mjini. Watu wakauliza kwa nini. Swali hilo lilikuwa la haki, na halikupata jibu la kueleweka.

Halafu siasa ikaongeza mafuta kwenye moto. Tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba watu wa Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi nzima, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Kesho yake waandamanaji walishambulia kituo cha wagonjwa wa Ebola mjini Beni. Aliyekuwa akisema tangu mwanzo kwamba Ebola ni ya kisiasa sasa alikuwa na cha kuonyesha. Tarehe 31 Desemba serikali ikakata intaneti na jumbe za simu nchini kote, kwa muda wa karibu siku 20. Uvumi haukuhitaji intaneti. Uliendelea kwa mdomo. Waliobaki bila njia ni wale waliotaka kuujibu.

Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu zaidi. Mwishoni mwa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyekuwa anafanya kazi na Shirika la Afya Duniani, OMS, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo.

Lakini kuna sehemu ya historia hii isiyosimuliwa mara nyingi. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika kila swali, kila malalamiko na kila uvumi, kisha maneno hayo yakapelekwa kwa waliokuwa wanaongoza kazi. Watu walikuwa wanashuku kwamba mifuko ya kuzikia haina maiti ndani, au maiti zimekatwa. Hotuba isingemaliza shaka hiyo. Ikaletwa mifuko yenye sehemu inayopitisha macho, ili familia imuone mtu wao kabla ya kumzika. Shirika la ALIMA nalo lilitumia vyumba vyenye kuta zinazoonyesha ndani, na mama akaweza kumtazama mwanawe aliyelazwa na kuzungumza naye bila kuambukizwa. Uvumi ulisikilizwa kama taarifa ya hofu ya watu, na kazi yenyewe ikabadilishwa. Huko Goma nako, waandishi wa habari wa Congo Check, shirika lililoanzishwa mwaka 2018, walichukua kazi ya kuhakiki habari zinazozunguka kwenye simu na kutoa matokeo hadharani.

Chanjo zilizorudishwa

Ebola ilikuwa bado haijaisha Covid-19 ilipofika Kinshasa, mwezi Machi 2020. Mapema Aprili, profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa kati ya madaktari wa kwanza kuchunguza Ebola kule Yambuku mwaka 1976 na ambaye sasa aliongoza kazi dhidi ya Covid, alisema Congo iko tayari kushiriki katika majaribio ya chanjo. Siku chache kabla, madaktari wawili walikuwa wamezungumza katika televisheni ya Ufaransa juu ya kufanyia majaribio Afrika, na watu wengi walikuwa wamekasirika. Maneno ya Muyembe yalikuta moto umewaka. Kwa saa chache mitandao ilijaa watu wanaosema Wakongomani si panya wa maabara. Profesa alirudi kueleza kwamba hakuna chanjo itakayotolewa Congo kabla haijajaribiwa kwingine. Lakini kipande cha kwanza cha video kilikuwa kimekwenda mbali kuliko maelezo.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Machi 2021, nchi ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca. Serikali iliahirisha kuanza kwa sababu ya habari za damu kuganda zilizokuwa zinatoka Ulaya, kisha ikaanza tarehe 19 Aprili. Waliojitokeza walikuwa wachache. Dozi karibu milioni 1.3 zikapangiwa kwenda nchi nyingine kabla muda wake haujaisha. Rais Félix Tshisekedi mwenyewe alisema hadharani kwamba hakuiamini chanjo hiyo, na alichanjwa mwezi Septemba kwa chanjo ya Moderna.

Kulaumu simu peke yake kwa dozi zile ni kukwepa ukweli. Watu waliona serikali inasita, wakasita nayo. Simu ilipitisha kusita huko kutoka juu hadi chini, kwa kasi kuliko redio yoyote ya zamani.

Kwa miji ya migodi, somo hilo halijazeeka. Aina mpya ya mpox iliyotambuliwa tangu Septemba 2023 ilianzia Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu Kusini, mahali pa vijana wanaohamahama, wachuuzi na nyumba za kulala wageni. Ikavuka mipaka, na tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Kolwezi inafanana na Kamituga kwa mengi: watu wanaingia na kutoka kila siku, na wengi hawana daktari anayewajua.

Migodini, picha peke yake haitoshi

Lualaba ina jambo lingine ambalo Beni haina. Hapa hofu ya watu haihusu virusi peke yake. Inahusu pia vumbi na maji. Katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu mwaka 2014, na wachimbaji wa mikono, wale ambao kila mtu anawaita creuseurs, wakachimba hadi ndani ya viwanja vya makazi. Watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi, akiwemo profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo na damu ya wakazi. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mtaa wa jirani usio na machimbo, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto.

Mwezi Machi 2024 mashirika ya RAID na AFREWATCH yalitoa ripoti baada ya kuwahoji watu 144 katika vijiji 25 vinavyozunguka migodi ya kobalti ya Kolwezi. Asilimia 56 ya waliohojiwa walisema uchafuzi unaathiri afya ya uzazi ya wanawake na wasichana, wakitaja hedhi isiyo na mpangilio, maambukizi na mimba kuharibika. Huo ni ushuhuda wa watu. Ni sababu nzuri ya kufanya vipimo, na vipimo ndivyo vinavyoweza kuonyesha kitu gani kimeleta nini.

Nguvu ya picha ilionekana Lubumbashi mapema Novemba 2025. Maji machafu ya kampuni ya CDM yalivunja kingo na kutiririka katika mitaa ya watu. Video zilisambaa siku ileile, na muda mfupi baadaye waziri wa migodi Louis Watum Kabamba akasimamisha shughuli za kampuni kwa miezi 3. Zamani, maji kama yale yangepita usiku na kukauka, na malalamiko ya wakazi yangebaki kwenye karatasi.

Lakini mama anayeishi pale hakutaka kujua tu kama kampuni imeadhibiwa. Alitaka kujua kama kisima chake kinafaa kunywa, kama mboga za bustani ziliwe au zitupwe, kama mtoto aliyekanyaga maji yale apelekwe hospitali. Video haiwezi kumjibu. Maji mekundu si lazima yawe na sumu, na maji meupe kama ya mvua yanaweza kuwa na metali nyingi. Jibu linatoka maabara, tena likitolewa mapema na kusomwa hadharani.

Wavuvi wa Nzilo nao wako katika hali hiyo. Samaki wakifa kwa wingi, sababu inaweza kuwa kukosa hewa majini, dawa za kuvulia zisizoruhusiwa, au kitu kilichotoka mgodini. Uvumi utachagua sababu moja siku ileile. Hasara inaanguka kwa mvuvi ambaye hakuna anayenunua samaki wake, na pia kwa mlaji anayeendelea kula kwa sababu hakuna aliyemwambia asile. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inataka kila kampuni inayochimba itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Wakazi wana haki ya kudai kwamba sehemu ya pesa hizo ilipie vipimo vya maji vya mara kwa mara, na matokeo yabandikwe kwenye kituo cha afya na kutumwa katika makundi yao ya simu.

Walio nje ya kundi

Kuna watu ambao mazungumzo haya yote hayawafikii. Katika nyumba nyingi simu nzuri ni moja, na baba anatoka nayo. Mega zinagharimu, na mtu anayeishi kwa mapato ya siku ananunua unga kwanza. Katika kambi nyingine mtandao unapatikana ukipanda juu ya kichuguu. Mzee asiyejua kusoma anategemea mjukuu amsomee. Mara nyingi wanaokosa simu ndio wanaokosa pia maji safi na choo, yaani wale ambao kolera inawafikia kwanza.

Kwa hiyo simu haiwezi kuchukua nafasi ya redio, ya kanisa na msikiti, ya soko, wala ya wahudumu wa afya wa kujitolea wanaoitwa relais. Mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba anaona kisichopigwa picha. Simu yake inamsaidia akiwa na mtu wa kumpigia, na akiwa na mega zilizolipwa na mwingine. Kumtaka mtu asiye na mshahara atumie pesa zake kutoa taarifa ya ugonjwa wa wengine ni kumwomba anyamaze.

Lugha nayo ni kizuizi. Mara nyingi tangazo la afya linaandikwa kwa Kifaransa cha ofisini, na kupigwa mihuri. Uvumi unakuja kwa sauti ya mtu, katika Kiswahili cha mtaani, na mara nyingi unatoka kwa ndugu au mkwe anayeaminika. Katika mashindano hayo karatasi inashindwa. Daktari mkuu wa eneo la afya akirekodi dakika moja ya maelezo kwa Kiswahili, akitaja jina lake na kazi yake, anafika mahali ambapo muhuri haufiki.

Siri ya mgonjwa

Kasi ina madhara yake pia. Picha za wagonjwa zinazunguka bila ruhusa: mwanamke anayejifungua, mtoto mwenye vipele, maiti za walioangukiwa na mgodi. Wanaozituma mara nyingi wanadhani wanasaidia. Lakini mgonjwa aliyeonyeshwa uso wake akiitwa mwenye mpox atarudi vipi sokoni kuuza? Na aliyeona jirani yake akiaibishwa hivyo, je, atakwenda hospitali yeye akipata vipele, au atajificha? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kumwaibisha mgonjwa ni kuwafundisha wengine kuficha.

Sheria ya Congo inamfunga mhudumu wa afya kutunza siri ya kazi yake, na kanuni za mambo ya dijitali zilizotolewa mwezi Machi 2023 zinalinda habari za watu binafsi. Hazikatazi muuguzi wa kijijini kumuomba ushauri daktari wa Kolwezi kwa simu, jambo linaloweza kumuepusha mgonjwa na safari ya bure. Cha kuzingatia ni mgonjwa akubali, picha ionyeshe kidonda bila uso, jina lisitajwe, na ujumbe uende kwa mtu mmoja anayehusika, sio kwa kundi la watu 200.

Halafu kuna wauzaji. Yeyote mwenye akaunti anaweza kujiita daktari na kuuza chupa inayotibu malaria, sukari, ugumba na sumu ya migodi kwa pamoja. Dalili yao ni moja: dawa moja kwa magonjwa yote, malipo mbele, na onyo la kutokwenda hospitali.

Jibu linafananaje?

Kinachohitajika Lualaba hakidai mashine za gharama kubwa. Kila kituo cha afya kinaweza kuwa na namba moja inayojulikana na watu wote wa eneo lake, simu ambayo haiondoki na muuguzi anapohamishwa, na mega zinazolipwa na eneo la afya. Taarifa inayofaa ni fupi: mahali, siku na saa, dalili, watu wangapi, na kama kuna aliyekufa. Inakwenda kwanza kwenye namba hiyo, kabla ya kwenda kwenye makundi.

Upande wa pili, anayeipokea anatakiwa kurudisha neno siku ileile, katika kundi lilelile swali lilipotoka. Jibu la kwanza si lazima liwe kamili. Daktari anaweza kusema: tumepata taarifa ya watu wanaohara katika kambi fulani, wauguzi wamekwenda, sampuli zimechukuliwa, chemsheni maji au tieni klorini, mgonjwa asingoje nyumbani, na kesho saa fulani tutawaambia zaidi. Kesho ikifika, aseme kweli. Akipata matokeo yasiyopendeza serikali au kampuni, ayaseme pia. Mtu aliyeambiwa ukweli mchungu mara moja atakuamini siku utakapomwambia chanjo haina madhara.

Hapo viongozi wana uamuzi wa kufanya. Sheria dhidi ya habari za uongo ipo, na kuna wanaostahili kuhukumiwa kwa kueneza uongo unaoua. Lakini mvuvi aliyetuma picha ya samaki waliokufa hakudanganya hata kama alikosea sababu. Akikamatwa, kambi nzima itajifunza kunyamaza, na siku kolera itakapofika kweli hakuna atakayepiga picha.

Watu nao wana yao. Methali ya lisemwalo lipo imewaponza wengi kwenye simu, kwa sababu linalosemwa siku hizi linaweza kuwa limetungwa na mtu asiyejua Nzilo iko wapi. Kabla ya kutuma, mtu anaweza kujiuliza nani amesema, lini, wapi, na kama kuna muuguzi aliyethibitisha. Video ya zamani kutoka nchi nyingine inaweza kuwatoa watu hospitali.

Msimu wa mvua unarudi kila mwaka, na maji yake yanapita katika vyoo, katika machimbo na katika visima kabla ya kuingia ziwani. Safari ijayo mama wa kambi ya wavuvi akituma ujumbe usiku kwamba mwanawe anahara na macho yameingia ndani, kundi litampa ushauri mwingi kwa dakika chache: majani fulani, maombi, dawa ya dukani. Uhai wa mtoto utategemea kama katikati ya sauti hizo kuna moja ya muuguzi anayejulikana kwa jina, inayomwambia aanze kumnywesha sero sasa hivi, na kwamba pikipiki iko njiani.